Kabla ya Kumpandisha Mbwa Wako: Kipimo cha DNA na Upofu wa Kurithi

Mbwa wa ulinzi ana miaka minne. Mchana anakimbia uani kama kawaida na kumbwekea kila mgeni anayefika langoni. Lakini siku hizi giza likianza kuingia hataki kutoka kibandani. Akiitwa, anasimama mlangoni akinusa hewa, kisha anarudi ndani. Mwenye nyumba anadhani amekuwa mvivu. Jirani anasema labda amelogwa. Miezi michache baadaye mbwa anajigonga kwenye ndoo iliyoachwa njiani mchana kweupe, na hapo ndipo familia inapotambua kwamba haoni.

Upofu wa mbwa una sababu nyingi, na nyingine zinatibika zikiwahiwa. Makala haya yanahusu sababu moja isiyotibika: kunyauka kwa retina, ugonjwa ambao mbwa huurithi kutoka kwa wazazi wake. Madaktari na maabara huuita kwa kifupi PRA, na ndilo jina utakaloliona kwenye vyeti. Uzito wake hauko kwa mbwa huyo mmoja tu. Ikiwa ni dume ambalo majirani walikuwa wakilikodi kupandisha majike yao, kufikia siku anapogonga ndoo huenda tayari ana watoto makumi kadhaa katika mitaa na vijiji vya karibu, na baadhi yao wamekwisha kupata watoto wao wenyewe.

Kipimo cha DNA kinaweza kuonyesha hatari hiyo mbwa akiwa bado mdogo, kabla hajapandishwa hata mara moja.

Kinachotokea ndani ya jicho

Nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Huo ndio retina. Una chembe za aina mbili zinazopokea mwanga: zile za kuonea kwenye mwanga hafifu, na zile za kuonea mchana na kutofautisha rangi. Mbwa ana nyingi sana za aina ya kwanza, tena nyuma ya retina ana tabaka linalorudisha mwanga kama kioo, na kwa hiyo macho yake hung'aa ukimmulika kwa tochi. Usiku anaona vizuri kuliko binadamu.

Katika aina nyingi za PRA, chembe za usiku ndizo hufa kwanza. Ndiyo maana dalili ya mwanzo ni kuogopa giza: mbwa anasita kushuka ngazi jioni, anatembea akijishikiza ukutani, au anakataa kuingia chumba asichokizoea. Baadaye chembe za mchana nazo hufa. Macho hayatoi usaha, hayawi mekundu wala hayaumi. Mboni hubaki zimepanuka, na macho hung'aa zaidi ya kawaida usiku kwa sababu retina imekuwa nyembamba na haizuii tena mwanga unaorudi.

Mara nyingi ugonjwa ukishaendelea, lenzi ya jicho nayo huwa nyeupe, yaani mtoto wa jicho. Mwenye mbwa huona weupe huo na kuamini ndio uliomnyima mbwa macho. Kuuondoa kwa upasuaji hakutamrudishia kuona, kwa maana retina iliyo nyuma yake imekwisha kufa. Kwa hiyo daktari huikagua retina kabla ya kuzungumzia upasuaji, na akikwambia usitumie pesa zako huko, ana sababu.

Wazazi wazima, mtoto kipofu

Swali ambalo wengi huuliza ni hili: kama baba na mama wote wanaona, mtoto amerithi wapi upofu?

Kila mbwa ana nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Katika aina nyingi za PRA, nakala moja nzima inatosha kulinda macho. Mbwa mwenye nakala moja mbovu na moja nzima anaona vizuri maisha yake yote, lakini anaweza kuipitisha ile mbovu kwa watoto. Huyo tunamwita mbebaji. Hakuna daktari atakayemtambua kwa kumwangalia machoni, hata awe bingwa namna gani, kwa kuwa macho yake hayana kasoro.

Wabebaji wawili wakipandishwa, kila mtoto atakayezaliwa ana uwezekano wa asilimia 25 wa kurithi nakala mbovu kutoka pande zote mbili na kuwa mgonjwa, asilimia 50 wa kuwa mbebaji kama wazazi wake, na asilimia 25 wa kuwa huru kabisa. Hesabu hiyo ni ya kila mtoto peke yake. Katika watoto wanane wa uzao mmoja, huenda asipatikane mgonjwa hata mmoja, au wakapatikana wanne. Mfugaji anayesema "uzao wa kwanza ulikuwa salama" hajathibitisha lolote.

Tatizo huwa kubwa zaidi pale baba anapopandishwa na binti yake, au kaka na dada, jambo ambalo wafugaji wengine hulifanya ili "damu isichanganyike". Mbwa wa ukoo mmoja wana uwezekano mkubwa wa kubeba kasoro ileile. Mbwa wetu wa kienyeji, ambao wazazi wao kwa kawaida si ndugu, wana nafuu hapo, ingawa chotara anaweza kuwa mbebaji kama mbwa mwingine yeyote.

Si magonjwa yote ya macho yanayofuata kanuni hii. Kwa mbwa aina ya Mastiff na Bullmastiff ipo PRA ambayo nakala moja tu mbovu inatosha kumpofusha mnyama.

Zamani walingoja watoto wazaliwe

Kabla ya vipimo vya DNA, njia ya kumtambua mbebaji ilikuwa kumpandisha na mbwa mgonjwa, kisha kungoja watoto. Katika miaka ya 1940, PRA ilikuwa imeenea miongoni mwa mbwa aina ya Irish Setter nchini Uingereza, na wafugaji wa huko waliipunguza kwa njia hiyo. Mbebaji akipandishwa na mgonjwa, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa mgonjwa. Wakizaliwa sita na wote wakawa wazima, mzazi anayeshukiwa alihesabiwa kuwa salama, kwa kuwa mbebaji angepata matokeo kama hayo mara moja tu katika mara 64.

Njia hiyo iliwezekana kwa Irish Setter kwa sababu aina yao ya ugonjwa huanza kuonekana wiki chache tu baada ya kuzaliwa. Kwa Labrador ingebidi ungoje miaka, huku ukiwalisha watoto wote, na hao wenyewe wakizeeka.

Mwaka 1993 watafiti walitambua kasoro ya jeni inayowapofusha Irish Setter. Mwaka 2006 wakatambua nyingine, katika jeni inayoitwa PRCD, ambayo ndiyo inayohusika na ugonjwa huu katika Labrador, Cocker Spaniel, Poodle na aina nyingine nyingi. Ni herufi moja tu ya DNA iliyobadilika, kati ya herufi zaidi ya bilioni mbili alizo nazo mbwa. Kasoro hiyohiyo ilipatikana pia kwa binadamu mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa retina.

Kipimo kinavyofanywa

Sampuli ni mate na chembe za ndani ya shavu, au damu kidogo. Ya shavu ni rahisi na haimuumizi mnyama. Kijiti chenye brashi laini au pamba husuguliwa ndani ya shavu kwa takriban nusu dakika, kikaachwa kikauke, kikatiwa kwenye bahasha na kuandikwa jina la mbwa. Mbwa asile kwa muda wa saa moja kabla. Mtoto anayenyonya atenganishwe na mama yake kwanza, vinginevyo chembe za mama zitachanganyika na zake na jibu litapotea. Ukiwapima mbwa wengi siku moja, maliza mmoja na uiandike bahasha yake kabla ya kumgusa mwingine. Wafugaji wengi huharibu kipimo hapo.

Ingawa vifaa vingine huuzwa kwa mwenye mbwa kujipimia, ni vyema sampuli ichukuliwe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, naye aandike kwenye fomu namba ya kifaa cha utambulisho kilichowekwa chini ya ngozi ya mbwa. Cheti kisichofungwa na mnyama fulani kwa namba ni karatasi tu. Kinaweza kuwa cha mbwa yeyote. Wenye mbwa waliosajiliwa na East Africa Kennel Club waandike pia namba ya usajili.

Maabara nyingi zinazofanya vipimo hivi ziko Ulaya, Marekani na Australia, kwa hiyo sampuli husafirishwa. Kwa kawaida kipimo kimoja hugharimu makumi ya dola, na juu yake kuna gharama ya kutuma. Mwulize daktari wako kama sampuli hiyo inahitaji kibali cha kuitoa nchini kabla hujalipa chochote. Kwa kuwa DNA ya mbwa haibadiliki tangu kuzaliwa hadi kufa, kipimo cha kasoro hiyo hufanywa mara moja tu.

Kabla ya kuagiza, hakikisha kipimo kinalingana na aina ya mbwa wako. PRA inasababishwa na kasoro katika jeni nyingi tofauti, na kila kipimo hutafuta kasoro moja maalum. Kumpima Irish Setter kwa kasoro ya PRCD peke yake ni kama kutafuta ufunguo kwenye mfuko usioutia.

Kukisoma cheti

Cheti huja kwa Kiingereza na huwa na neno moja kati ya matatu. "Clear" maana yake mbwa yu huru, hana nakala mbovu ya jeni iliyopimwa. "Carrier" ni mbebaji. "Affected" ana nakala mbili mbovu. Atapofuka, hata kama leo anaona vizuri.

Mbwa huru anaweza kupandishwa na yeyote na asizae mgonjwa wa kasoro hiyo. Mgonjwa asitumiwe kuzalisha. Kwa mbebaji, wengi hukimbilia kumhasi, na hapa ningewaomba wafugaji watulie. Mbebaji mwenye afya, tabia nzuri na mifupa imara akipandishwa na mbwa aliye huru, hakuna mtoto hata mmoja atakayekuwa mgonjwa. Takriban nusu watakuwa wabebaji, nao wakipimwa unaweza kuwachagua walio huru waendeleze uzao. Ukiwaondoa wabebaji wote kwa pamoja katika aina ambayo mbwa wake ni wachache nchini, utabaki na wazazi wachache mno, na baada ya vizazi viwili vitatu watakuwa ndugu wote. Utakuwa umeondoa kasoro moja na kufungulia nyingine mlango.

Kipimo kisichoweza kukuambia

Neno "clear" halimaanishi mbwa hatapata ugonjwa wowote wa macho. Linahusu kasoro ile iliyopimwa, basi. Katika mazingira yetu, macho mengi yanayoharibika hayana uhusiano wowote na jeni hizi.

German Shepherd ni mfano mzuri, kwa kuwa ndiye mbwa wa ulinzi anayependwa sana nchini. Ugonjwa wa macho unaojulikana zaidi kwa aina hii ni pannus. Kinga ya mwili wake hushambulia kioo cha mbele cha jicho, na utando wa rangi ya waridi au kahawia huanza pembeni, upande wa sikio, ukisogea polepole kuelekea katikati. Huwa mkali zaidi penye mwanga mkali wa jua na kwenye nyanda za juu, kwa hiyo wakazi wa maeneo kama Limuru, Nyandarua na Eldoret, yaliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wana sababu ya kuwa macho. Urithi unachangia, lakini hakuna kipimo cha DNA cha pannus. Kuna dawa za matone zinazouzuia vizuri, mradi mbwa azipate maisha yake yote. Familia inayosubiri majibu ya DNA huku utando ukiendelea inapoteza jicho ambalo lingeokolewa.

Kupe nao hupofusha. Homa ya ehrlichia, inayoletwa na kupe wa mbwa, huweza kusababisha uvimbe na damu ndani ya jicho. Mbwa hupoteza hamu ya kula, hukonda, na pengine hutokwa damu puani. Ugonjwa huo una dawa.

Na kuna swila anayetema sumu. Mbwa akitoka kichakani akipangusa uso kwa makucha, macho mekundu na yamefumba, yaoshe mara moja kwa maji mengi safi kwa dakika 15 hadi 20, kisha umpeleke kwa daktari. Usimpake dawa ya kienyeji, na usitumie matone yaliyobaki nyumbani. Baadhi ya matone hayo yana dawa ya kupunguza uvimbe ambayo ikiingia kwenye jicho lenye kidonda huweza kulitoboa.

Kwa hiyo daktari kwanza, kipimo cha DNA baadaye. Nyumbani unaweza kuanza na jaribio dogo. Jioni, taa ikiwa imepunguzwa, panga vigoda vitatu au vinne chumbani mahali asipopazoea, simama upande wa pili umwite mbwa. Rudia kesho yake mchana, vigoda ukiwa umevihamisha. Mbwa anayepita vizuri mchana na kujigonga jioni anahitaji kuangaliwa retina. Pia angusha kipande cha pamba mbele yake. Kwa kuwa hakitoi sauti, mbwa anayeona atakifuata kwa macho.

Ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo itakuelekeza pa kuanzia. Ikibidi uchunguzi wa kina zaidi, uliza kuhusu rufaa, kwa mfano kwenye kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Kabete.

Unapomnunua mtoto wa mbwa

Usiulize tu kama mtoto amechanjwa na kupewa dawa ya minyoo. Omba kuona vyeti vya DNA vya baba na mama, na ulinganishe namba zilizoandikwa na zile za mbwa wenyewe. Kwa PRA ya kawaida, mzazi mmoja akiwa "clear" inatosha kukuhakikishia mtoto hatakuwa mgonjwa wa kasoro hiyo. Muuzaji akikuambia baba yuko kaunti nyingine na cheti chake kimepotea, hiyo ni bei ya mbwa asiyepimwa, na ulipe hivyo. Cheti cha ukoo kinachoonyesha majina ya mababu si cheti cha afya, hata kikiwa na mhuri.

Andikianeni makubaliano mafupi: tarehe, namba ya mbwa, vipimo vilivyoonyeshwa, na kitakachofanyika mnyama akigundulika kuwa na ugonjwa wa kurithi. Karatasi moja ya daftari yenye sahihi mbili inatosha kuwaepusha na ugomvi.

Na aliyekwisha kupofuka?

PRA haina tiba katika kliniki za mifugo. Kuna utafiti uliofika mbali. Mwaka 2001 watafiti wa vyuo vikuu vya Cornell, Pennsylvania na Florida nchini Marekani walitangaza kwamba mbwa aina ya Briard waliozaliwa na upofu wa kurithi wameanza kuona baada ya kupewa jeni nzima kwa sindano ndani ya jicho. Mmoja wao, Lancelot, alipelekwa hadi bungeni mjini Washington. Kazi hiyo ilichangia kupatikana kwa tiba ya binadamu wenye kasoro ya jeni ileile, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017. Tiba hiyo ni ya kasoro moja, RPE65, na ni ghali mno. Mtu akikuuzia matone au vidonge vya kuponya PRA, anakuibia.

Mbwa kipofu huishi vizuri kuliko wengi wanavyodhani, maana pua na masikio yake yanafanya kazi. Usihamishe bakuli lake la maji wala kibanda chake. Ziba mashimo ya taka na visima vifupi uani. Mwambie kila anayemkaribia aseme neno kabla ya kumgusa, hasa watoto, kwa sababu mbwa asiyeona akishtuliwa huuma. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa iendelee kila mwaka. Asiachiliwe barabarani, na kazi ya kulinda usiku apewe mwingine. Ikiwa hakuwa amehasiwa, mhasini sasa, kisha uwapigie simu wote waliochukua watoto wake uwaambie wakawapime kabla hawajawapandisha.